Niliyojifunza nikiwa juu ya dari za watu: kuchagua spika za dari za nyumbani

Mi kazi yangu ni umeme wa majumbani, Dar hii hii, Goba, Madale, Mbweni, Kigamboni huko, popote penye mtu anamalizia nyumba. Spika za dari niliingia tu kwa sababu wateja walianza kuulizia, mtu ameshakubaliana na fundi jipsam dizaini ya ngazi ngazi na taa za ukanda, karibu kila kitu kimeisha, af ndo anakumbuka, fundi na mziki utakaaje? Swali linalofuata ni lile lile kila nyumba: spika gani nzuri? Anataka nimtajie jina la kampuni aende Kariakoo anunue yaishe. Mi huwa simjibu kwanza, naomba ngazi nipande juu. Kama dari haijafungwa naangalia kenchi na kuta zinaishia wapi, kama imeshafungwa natafuta kile kidirisha cha kupandia. Wengine wanaona nawapotezea muda. Lakini nimeshafunga spika modeli ile ile kwenye nyumba mbili, moja ikaimba mpaka mwenye nyumba akaniongezea hela ya soda, nyingine ikawa mziki hauna mwili, unaisikia tu inapiga kelele. Boksi ni moja, kiwanda ni kimoja, kilichotofautiana ni kilichokuwa juu yake.

Iko hivi. Spika yoyote inatoa sauti mbele na nyuma. Ile spika ya sebuleni unayoijua imefungwa kwenye boksi la mbao, kwa hiyo sauti ya nyuma inabakia mle ndani. Spika nyingi za dari ziko wazi mgongoni, hazina boksi, boksi lake ni hiyo nafasi kati ya jipsam na bati. Sasa nyumba zetu nyingi hizi za kawaida kuta za ndani haziendi mpaka kwenye bati, zinaishia juu kidogo ya dari basi, kule juu ni ukumbi mmoja mkubwa kutoka sebuleni mpaka chumba cha mwisho. Kwa hiyo sauti ya nyuma inatembea kule juu inavyotaka af inashukia vyumbani kupitia jipsam, na jipsam yenyewe ni ya milimita 9, haizuii kitu.

Kuna mzee mmoja mstaafu kule Mbweni aliniita nikaangalie kazi ya fundi mwingine. Nimefika, shikamoo mzee, marahaba fundi, njoo usikie maajabu. Akawasha taarifa ya habari ya saa mbili, sebuleni mnasikia kawaida tu. Akaniambia haya nenda chumba cha wageni kule mwisho wa korido. Nimefungua mlango, mtangazaji yuko juu ya kitanda pale, neno kwa neno. Mke wake akawa anacheka, anasema mi siku hizi siangalii taarifa, nalala nayo tu. Spika hazikuwa mbaya, zilikuwa za maana tena, ghali kuliko ambazo ningemshauri mimi. Tulichofanya tukatengeneza maboksi ya plaiwudi, kila spika ikapata la kwake, kama sentimita 40 kwa 40 kwa kimo cha 15 hivi, hiyo ni lita 24, inatosha kabisa kwa spika ya inchi sita na nusu. Ndani tukaweka ile pamba ya kioo wanayoweka watu chini ya bati kuzuia joto, boksi likakaa juu ya blandarin, zile mbao zinazobeba dari, na sio juu ya jipsam, mana jipsam ukiitwika uzito itakuja kupasuka. Matundu ya nyaya tukaziba. Sauti ya vyumbani ikashuka sana. Haikuisha, besi huwa inapita hata ufanyeje, lakini mzee akaridhika, mama sijui kama aliridhika.

Kwa hiyo kama ndo kwanza upo kwenye ujenzi mi ushauri wangu hauhusu spika, ni huu hapa: mwambie fundi wa tofali aupandishe ukuta wa kati ya sebule na vyumba mpaka ukaribie bati, tofali chache hizo kwa wakati ule hazikuumizi, na hata moto ukitokea Mungu apishe mbali haukimbii kirahisi kwenda upande wa pili. Kama nyumba imeshaisha tafuta spika ambazo zimekuja na kopo lake la nyuma kabisa, zipo, au piga maboksi. Boksi linasaidia pia vumbi na panya na mijusi, na kwa wenye popo juu ya dari mnajua wenyewe ninachokisema.

Na dari sio jipsam peke yake. Siling ya PVC ni nyepesi inatetemeka, ukipiga besi kidogo unasikia trrrr, pale lazima spika ibebwe na mbao na sio na PVC. Ghorofa lenye zege juu halina nafasi, labda ufanye dari ya kushusha, na hapo unapima kina kwanza, spika nyingi zinataka kama sentimita 10 na zaidi juu ya jipsam, kuna nyembamba lakini zinakuwa na besi ndogo. Zile nyumba za mawe za zamani za Unguja zenye boriti mi nikiitwa nasema wazi kwamba hapo sikati kitu, weka spika ukutani.

Haya, tuje dukani sasa. Kitu cha kwanza muuzaji atakuonyesha ni wati. Kaka hii wati mia tatu, nyumba inatikisika. Hizi namba za kwenye boksi nyingi zimeandikwa kukufurahisha. Kuna ile PMPO, hiyo hata usiisome. Inayosomwa ni RMS, yaani wati ambazo kitu kinahimili muda wote bila kuumia. Na kwa hizi ampli ndogo (amplifaya, kile chombo kinachosukuma spika) na sabufa za boksi moja kuna kipimo rahisi, geuza nyuma soma inakula umeme kiasi gani. Kama imeandikwa inatumia wati 60 kutoka ukutani halafu mbele wameandika inatoa 1000, we jiulize hizo nyingine zinatoka wapi.

Isitoshe nyumbani hutumii wati nyingi hata kidogo. Mziki wa kuongea huku mnakula, kila spika pale inameza wati moja, pengine haifiki. Kinachohusu zaidi ni kitu ambacho wauzaji wengi hawakitaji, nacho kipo kwenye karatasi la ndani: spika inatoa desibeli ngapi, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, ukiipa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Inayoandika 90 na inayoandika 87 utadhani zimepishana kidogo, lakini desibeli 3 maana yake ile ya 87 inahitaji umeme mara mbili ili ifikie sauti ya mwenzake. Yaani mtu anayenunua spika ya 90 ana ampli ndogo anaweza kumshinda yule mwenye spika ya 86 na ampli kubwa mara mbili. Tangu nilivyoanza kusoma hicho kidogo ndo nilianza kugombana na wauzaji.

Sasa hili linalofuata ndo kubwa kuliko yote, na ndo limenipa simu nyingi za wateja. Zile spika nyeupe za duara ambazo unaziona nyingi Kariakoo kwa bei nzuri, nyingi ni za makanisani, misikitini, supamaketi, maofisini. Zinaitwa za volti 100. Mgongoni zina kitransfoma kidogo na nyaya zaidi ya mbili, mmoja wameandika COM na mingine 3W, 6W, hivo. Mama mmoja wa Goba alinunua nane zile, fundi wake akazifunga zote vizuri tu, dari safi, akaunga kwenye ampli yake ya nyumbani. Akanipigia, fundi njoo, spika zangu zinanong'ona. Nikadhani masihara. Nimefika, sauti ya ampli iko mwisho kabisa na bado tunaongea kawaida, mziki unausikia kwa mbali huko.

Nikamwonyesha ile transfoma. Hesabu yake ni hii: spika ya volti 100 iliyowekwa kwenye wati 6, ukiipima kwa upande wa ampli ina zaidi ya omu 1,600, omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia umeme. Ampli ya nyumbani inategemea kukuta omu 8 au 4. Ampli ya wati 50 kwa omu 8 inasukuma volti 20 hivi, ukizipeleka kwenye omu 1,600 unapata kama robo ya wati. Robo! Ndo maana zinanong'ona. Na kinyume chake ni hatari zaidi, ukichukua spika ya omu 8 ya kawaida ukaiunga kwenye ampli ya volti 100 ile spika inaomba wati 1,250, kwa hiyo ama ampli inajizima ama koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, inaungua, hamna la katikati.

Mama akauliza sasa tunafanyaje, hela yangu imekwenda? Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza kuikata ile transfoma na kuunga waya moja kwa moja kwenye spika, inawezekana, ila zile spika nyingi ni koni moja (ule uso wa spika unaotetemeka) nyembamba ya karatasi, imetengenezwa ili matangazo ya msikitini yasikike, besi haina kabisa na twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, haina. Ya pili kununua ampli ya volti 100. Tukachagua ya pili kwa sababu nyumba yake ni kubwa, ana baraza ndefu inazunguka na banda la nje, na yeye anachotaka ni kwaya na redio asubuhi nyumba nzima. Kwa kazi hiyo volti 100 ni nzuri kweli, unaunga spika zote kwenye waya mmoja mrefu, unajumlisha wati tu, nane za wati 6 ni 48, ampli ya 60 inakaa vizuri, na kila chumba unakiwekea swichi yake ya sauti ukutani. Waya nao hauli sauti hata ukiwa mrefu. Kwa hiyo sisemi ni spika mbaya, nasema ujue unanunua nini. Ila kwa mtu anayetaka mziki wa kusikiliza akakaa, mwenye masikio, achukue za omu 8 zenye wufa, ile kubwa ya sauti nene, na twita.

Na ukichukua za omu 8 usiunge hovyo. Hili nalo wengi wanalipuuza, mtu ana ampli ya chaneli mbili anataka spika nane. Kila unapoongeza spika sambamba, yaani chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, omu zinashuka, ni kama ukumbi, ukiongeza milango watu wanatoka kwa wingi zaidi, na anayesukuma ni ampli. Mbili za omu 8 zinakuwa 4, nne zinakuwa 2. Ampli nyingi za nyumbani nyuma zimeandikwa mwisho omu 4. Ukiipa 2 itaimba, ndio, na utamwona fundi wako ni mzuri, mpaka siku ya sherehe sauti inapopandishwa, hapo inachemka, inajizima, ukiiwasha tena inajizima, na zile zisizo na ulinzi zinatoa moshi. Suluhisho lipo, mbili mbili unazifuatanisha, hasi ya moja kwenye chanya ya nyingine, zinakuwa 16, halafu hizo pea mbili unaziweka sambamba unarudi kwenye 8. Spika nne, omu 8, ampli inapumua. Nachora kwenye karatasi kabla sijapanda, na ile karatasi namwachia mwenye nyumba aibandike nyuma ya ampli.

Waya. Watu wananunua spika za laki kadhaa halafu waya wanachukua ule mwembamba wa bei ya kutupa. Kuna waya unauzwa kama shaba kumbe ni alumini iliyopakwa shaba juu. Chukua wembe kwangua kidogo, ukiona weupe ndani ni alumini, na ukiushika rola nzima ni nyepesi isivyo kawaida. Alumini inazuia umeme kama mara moja na nusu kuliko shaba na ukiukunja mara mbili tatu unakatika. Kwa umbali mfupi, mita kumi na kitu, shaba ya milimita za mraba 1.5 inatosha. Ikifika mita 20 ile 1.5 kwenda na kurudi ina nusu omu, hapo mi naweka 2.5 inashuka mpaka 0.3. Sio lazima uwe waya wenye jina la spika, shaba ni shaba, ila usitumie rangi zile zile za waya wa umeme wa nyumba mana kuna siku fundi mwingine atapanda kule juu atadhani ni laini ya taa aingize 230 kwenye spika zako. Nyaya zote napitisha kwenye paipu, panya wa juu ya dari hawana adabu, na siziweki sambamba na laini za umeme kwa umbali mrefu, zikibidi kukutana zinakatana msalaba. Na piga picha. Kabla jipsam haijafungwa piga picha kila kona na futi kamba ionekane, utanishukuru siku ukitaka kutoboa.

Kwa wenzetu wa karibu na bahari, Kigamboni, Mbweni, Kunduchi, na Tanga na Mombasa pia naamini ni hayo hayo, kuna mambo mawili ambayo muuzaji hayajui kwa sababu duka lake lina feni na liko mbali na chumvi. La kwanza ni grili, kile kifuniko cha matundu kinachokaa mbele ya spika. Grili ya chuma inapata kutu, halafu kutu inachora duara la kahawia kwenye jipsam nyeupe, mama mwenye nyumba hatakusamehe. Tembea na kisumaku kidogo mfukoni, bandika kwenye grili, ikinata ni chuma, isiponata ni alumini, chukua ya alumini. Sema kuna grili nyingine zinashikwa na sumaku za pembeni, hizo lazima ziwe za chuma, basi hakikisha rangi yake imepakwa nzito pande zote na haina michubuko. La pili ni ule mduara unaoshikilia koni. Ukiwa wa sponji, kwa joto la chini ya bati na unyevu wa pwani unakuwa unamomonyoka wenyewe, miaka kadhaa tu ukiugusa unabaki unga mkononi. Wa mpira unadumu. Koni nayo ya plastiki inavumilia unyevu kuliko ya karatasi. Kwa bafuni na barazani hilo halina mjadala.

Spika ngapi sasa? Hapa watu wanazidisha. Dari ya mita 3, mtu amekaa kwenye kochi sikio lake liko kama mita 1.1 kutoka chini, inabaki 1.9. Spika inayotawanya sauti kwa nyuzi 90 inakufunikia duara la karibu mita 3.8 pale masikioni. Kwa hiyo sebule ya mita 4 kwa 5 mbili zinatosha kabisa, nzuri mbili kuliko mbovu sita. Sebule iliyoungana na dainingi kwa umbo la L, nne. Usizibandike ukutani, acha kama sentimita 60, na usiiweke spika juu ya panga la feni mana sauti inakatwakatwa, utasikia mwimbaji anatetemeka. Twita ndo ina sauti nyembamba isiyotawanyika sana, kwa hiyo tafuta zile ambazo twita yake inageuka, unailenga kwenye makochi.

Halafu stereo. Stereo ni pale spika ya kushoto na ya kulia zinapotoa sauti tofauti, na kwenye nyumba ambayo watu wanatembea inaweza kukuharibia. Kuna nyumba walipanga kushoto sebuleni kulia jikoni, na mzee wa pale anapenda miziki ya dansi ya zamani, sasa baadhi ya rekodi za stereo za miaka ya 1960 waliweka sauti ya mwimbaji upande mmoja na vyombo upande mwingine, matokeo yake wa jikoni wanasikia gita tu, mwimbaji yuko sebuleni. Kwa nyumba nzima mi naunganisha zote mono, yaani kila spika inatoa sauti zote, stereo inabaki pale penye makochi tu. Korido na bafuni kuna spika moja yenye twita mbili inayopokea kushoto na kulia kwa pamoja, hiyo ni nzuri sana na watu wengi hawajui kama ipo.

TV ndo mgogoro mwingine. Mimi binafsi siipendi sauti ya TV itokee juu, mtu anaongea mbele yako mdomo unauona af sauti inatoka utosini. Wengine wanazoea, siwabishii. Kijana mmoja Kigamboni aliangalia video za Dolby Atmos, ule mfumo wa sauti za sinema zinazokuzunguka mpaka juu, akataka spika zote ziwe kwenye dari, ukutani hataki kuona kitu. Nikamweleza, hiyo Atmos iliingia kwenye kumbi za sinema 2012 na majumbani 2014, na ukiona imeandikwa 5.1.2 maana yake tano zinakuzunguka usawa wa masikio, moja ni sabufa, na mbili tu za mwisho ndo za juu. Helikopta inasikika inapita juu kwa sababu kuna sauti nyingine ziko chini. Ukizipeleka zote kwenye dari, hakuna juu tena, kila kitu kiko juu. Tulibishana sana, akakubali tatu za mbele ziwe ukutani, ile ya katikati chini ya TV, na za nyuma akazipandisha kwenye dari kwa sababu ya kochi kukaa ukutani. Hapo sikumlaumu, chumba chenyewe hakikuwa na namna.

Besi msiitegemee kutoka juu. Inchi sita na nusu inaimba vizuri, inchi nane inaongeza mwili, lakini ule mgongo wa mziki unataka sabufa ikae chini. Ampli nyingi za sasa zina tundu la sabufa, na kama yako inaweza kugawa sauti unaikata kwenye hezi 80 hivi (hezi ni kipimo cha wembamba na unene wa sauti), zilizo juu ya hapo ziende kwenye dari, nene za chini ziende kwenye sabufa, na spika za dari zinapumzika hazipasuki sauti. Kama una sabufa yako ya zamani nzima usiigawe, iunge hapo. Ikishaingia sabufa ndo utajua taa gani za dari hazijakazwa, kila kispotilaiti kitaimba.

Ukiwa dukani kabla hujatoa hela fanya haya, muuzaji akinuna nunua kwingine. Bonyeza koni taratibu kwa vidole pande zote sawasawa, ikikwaruza koili imepinda. Pima kwa multimeta, spika ya omu 8 itakusomea 6 au 7 hivi, ikisoma 3 na kitu hiyo ni ya omu 4, ikisoma makumi au mamia ujue umegusa transfoma. Na beba betri ya volti 1.5, ile ya saa ya ukutani, gusisha chanya kwa chanya, koni inatakiwa iruke kuja nje. Kuna spika nimewahi kukuta alama zimebandikwa kinyume kutoka huko huko zinakotoka, ukiifunga hivyo na mwenzake moja inavuta nyingine inasukuma, besi inapotea katikati ya chumba na unaweza kutafuta ugonjwa mpaka jioni. Tundu la kukata msikate kwa kubahatisha wala kwa kusema inchi sita zote ni sawa, ndani ya boksi kuna karatasi gumu la duara la kuchorea, tumia hilo hilo la spika hiyo hiyo. Nimeona jipsam mpya imekatwa kubwa kuliko spika, wakaja kuziba kwa vipande.

Umeme wetu mnaujua, unakuja unaondoka unarudi kwa hasira, kwa hiyo ampli iwe na kilinzi chake na isifungiwe kwenye kabati lisilo na matundu. Wenye inveta za bei poa mkisikia mvumo kwenye spika zote usiku wa giza msilaumu spika, ni umeme wa ile inveta hauko laini.

Na la mwisho ni fundi rangi. Huyu anakuja mwisho kabisa, mi nimeshaondoka, anaona grili nyeupe kwenye dari nyeupe anapitisha rola juu kwa juu na matundu yote yanaziba. Nimeitwa kwa hilo zaidi ya mara moja, mteja ananiambia spika zimekufa twita zote. Siku hizi grili naondoka nazo mimi mwenyewe kwenye begi, nazirudisha rangi ikishakauka. Mwenye nyumba akitaka rangi nyingine zinapigwa spirei nyepesi huko nje zikiwa zimelala, hazipakwi kwa brashi.